Mgeni Apewe Chinsaga

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu katika wilaya ya South Kavirondo. Makao makuu ya wilaya hiyo yalikuwa hapa Kisii. Donnison alieleza kwamba katika muda wa takribani miaka miwili wagonjwa 1,800 walilazwa hospitalini mwake, na hakukuta hata mmoja mwenye maradhi ya shinikizo la damu. Tena akawapima watu 1,000 wenye afya zao, vijana kwa wazee. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa wazee wetu haikupanda. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka.

Habari hiyo hainitoki akilini, kwa kuwa waliopimwa ni babu na bibi za watu ninaoishi nao. Leo ikifika siku ya kliniki ya presha na sukari, mabenchi hujaa asubuhi na mapema, na wanaoyakalia si wazee pekee. Wamo walimu ambao bado wana watoto wa chekechea, wamo madereva wa matatu, wamo wanafunzi wangu wa zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 23.8 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69, yaani karibu mmoja kati ya kila wanne, wana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Utafiti huohuo ulisema asilimia 94 hawafikishi kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni angalau gramu 400 kwa siku.

Sitamani kurudi mwaka 1929. Watoto walikufa kwa malaria na surua, kina mama walikufa wakijifungua, na ukoloni ulikuwa ukoloni. Donnison mwenyewe aliegemea zaidi mfadhaiko wa maisha ya kisasa kuliko chakula alipotafuta sababu. Hata hivyo, ukiuliza jamii hii ilikuwa ikila nini wakati ule, jibu linajulikana: obokima, yaani ugali wa wimbi, mboga chungu za majani, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, na maziwa yaliyoganda kibuyuni. Nyama ilipatikana siku ya shughuli. Sukari haikuwa jambo la kila siku, na mafuta ya kupikia ya kopo hayakuwapo.

Kuna utafiti mwingine wa jirani zetu ambao unalisogelea suala la chakula kwa karibu zaidi. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la BMJ. Ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imeanza kupanda, na mkojo wao ulionyesha kwamba kiasi cha sodiamu ya chumvi kilikuwa kimezidi sana kikilinganishwa na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayousaidia mwili kuitoa chumvi na kuilegeza mishipa ya damu, na inapatikana kwa wingi katika viazi vitamu, ndizi, maharagwe, parachichi na mboga za majani. Ni vyakula vilevile walivyoviacha kijijini.

Nimefundisha sayansi kimu katika shule za Kisii na Nyamira hadi nikastaafu. Nimechora sahani ya mlo kamili ubaoni kwa chaki ya rangi, nimetaja vitamini zote, na wanafunzi wamepata alama nzuri katika mtihani. Kisha kengele ya chakula cha mchana ikilia, wanafunzi haohao wanakimbilia mandazi na soda kioskini. Ndiyo sababu nimefikia msimamo ninaotaka kuutetea hapa. Chakula kikisifiwa kama dawa, kitaliwa kama dawa: kwa kukunja uso, na kuachwa siku homa inapopona. Watu wa kizazi cha bibi yangu hawakula mboga ili waishi miaka mingi. Walikula kwa sababu zilikuwa tamu, na kwa sababu zilikuwa chakula cha heshima. Tukitaka afya ile, turudishe kwanza utamu na heshima.

Nichukue chinsaga. Wengine huiita saga, na vitabu vya Kiswahili huiita mgagani. Ni mmea wa majani matano matano yaliyotandazwa kama vidole vya kiganja, shina lenye vinyweleo vinavyonata, na maua meupe au ya urujuani hafifu. Huota vizuri karibu na zizi, penye samadi. Ukiichuma, mikono hunuka harufu yake kali hadi jioni, na wasioizoea hudhani imeharibika. Ni chungu. Atakayekwambia si chungu hajaila.

Na uchungu huo ndio unaohitaji mpishi. Kwetu huchumwa vichwa vichanga na majani laini, huchambuliwa moja moja, bua gumu linatupwa. Huoshwa, kisha hutiwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Ikiiva hushushwa, maji ya kwanza yenye uchungu mwingi humwagwa, mboga ikakamuliwa kidogo kwa mwiko ukingoni mwa chungu. Wengine huchanganya na rinagu, ile ambayo mijini huitwa managu, au na emboga, ambayo ni mchicha wetu, ili uchungu ugawanyike. Halafu huingia maziwa, na hapa haraka haitakiwi. Moto hupunguzwa hadi makaa yanapumua tu. Maziwa huingia kidogo, yananywewa, yanaongezwa mengine. Hakuna kitunguu, hakuna kiungo cha pakiti. Chumvi ni ya kuonja. Baada ya muda mboga huwa nyeusi-kijani, inang'aa, imelainika, na harufu ile kali ya asubuhi imegeuka ya kuita watu jikoni. Usiku huo itakuwa nzuri. Kesho yake itakuwa nzuri zaidi, kwa kuwa maziwa yamepata muda wa kuzama.

Ninaishi Nyanchwa, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, mahali ambapo Waadventista Wasabato walifungua misheni mwaka 1912, miaka sita baada ya wamisionari Arthur Carscallen na Peter Nyambo kufika Gendia kando ya Ziwa Victoria. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Kwa Msabato, Ijumaa ni siku ya maandalizi, na kazi zote hukamilika kabla ya jua kutua, pamoja na upishi. Mboga inayozidi kunoga ikilala ilipata makao hapa bila kutafutiwa. Jumamosi baada ya ibada kuu chungu hupashwa moto, ugali wa wimbi ukaletwa ndani ya ekee, kile kikapu kidogo cha kusukwa, na kila mtu hukata tonge lake. Ladha ya tonge la wimbi lenye moto, gumu kidogo, lenye chembechembe, likichovywa kwenye chinsaga ya maziwa iliyolala, ni jambo ambalo nimeshindwa kulipata kwenye chakula kingine chochote, na nimekula katika hoteli nzuri za Nairobi na Mombasa.

Kanisa letu limefundisha habari za afya tangu karne ya kumi na tisa, na huko Loma Linda, California, chuo kikuu cha Waadventista kimekuwa kikiwafuatilia waumini kwa miaka mingi kuona wanakula nini na wanaugua nini. Awamu ya pili ya utafiti huo ilianza mwaka 2002 na kuwaandikisha watu wapatao 96,000 nchini Marekani na Kanada. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya watu 73,308: katika kipindi cha ufuatiliaji, wale wasiokula nyama au wanaoila kwa nadra sana walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 kuliko wenzao wanaokula nyama kwa kawaida. Kinachonishawishi ni kwamba waliolinganishwa ni Waadventista kwa Waadventista. Kwa jumla pande zote mbili hazivuti sigara wala hazinywi pombe, kwa hiyo tofauti haiwezi kusingiziwa chupa. Miaka ya nyuma, mwaka 1992, watafiti wa Loma Linda walikuwa wameonyesha kwamba waumini waliokula kokwa na karanga zaidi ya mara nne kwa wiki walipata mshtuko wa moyo kwa karibu nusu ya kiwango cha waliozila chini ya mara moja kwa wiki. Sehemu kubwa ya walichokula ilikuwa njugu karanga za kawaida, hizi zinazouzwa kwa kikombe mlangoni pa stendi yetu.

Nasema haya kwa Wasabato wenzangu kwa upendo, kwa kuwa wengi wetu tumeshika sehemu ya katazo na kuacha sehemu ya karamu. Tunajua vizuri kisicholiwa. Nguruwe hapana, kambare hapana, pombe hapana. Lakini meza ya harusi zetu na ya mazishi yetu haina tofauti na ya jirani: wali mweupe, nyama ya ng'ombe iliyoogelea mafutani, chapati, kabichi iliyokaangwa hadi ikalegea, na soda. Hakuna mahali nilipofundishwa kwamba kujinyima ndiyo afya.

Tatizo hili halina dini wala halina kaunti. Pita katika shughuli yoyote kuanzia Suneka hadi Keroka, kuanzia Ogembo hadi Kebirigo. Mboga za asili, zikiwapo, ziko nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ndogo ya kina mama wapishi. Wageni walio chini ya hema wanapewa nyama, kwa sababu tumekubaliana kwamba mgeni akipewa mboga atasema nyumba hii imefilisika. Nimewahi kuhudhuria mazishi ambapo mwana wa marehemu alikopa ili achinje ng'ombe wa pili, ilhali nyuma ya boma palikuwa na shamba la majani ya kunde na malenge lililostawi hadi kupita kiuno. Deni lile aliendelea kulilipa muda mrefu baada ya matanga. Marehemu, ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa rinagu, aliagwa kwa chakula ambacho daktari alikuwa amemkataza.

Na heshima ya mboga hii haikuwa ya kubuni. Katika Gusii, yaani huku kwetu Kisii na Nyamira, mama aliyejifungua alipewa chinsaga ili arudishe damu na maziwa yashuke. Vijana waliotoka jandoni walilishwa. Mkwe aliyekuja kutembelea alipikiwa, na aliyeipika kwa maziwa ya kutosha alisifiwa kijiji kizima. Mboga iliyokuwa ya mzazi, ya mwali na ya mkwe imekuwaje leo mboga ya asiye na pesa?

Sehemu ya jibu ni shule zetu, na hapo walimu wa fani yangu tunahusika. Kwa miongo mingi vitabu vya upishi vilivyotumika nchini vilimfundisha mtoto kupika keki ya sponji na karoti za kuchemsha, na havikumwonyesha namna ya kutoa uchungu kwenye chinsaga. Sehemu nyingine ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba lililobaki limepewa chai na mikaratusi, na bustani ya mama imesukumwa hadi ukingoni. Lakini chinsaga haihitaji ekari. Ipande kwenye magunia matano nyuma ya jiko, ikate maua kila yanapochomoza ili iendelee kutoa majani, na familia ya watu watano haitakosa.

Aliyeipigania heshima ya mboga hizi kuliko mtu yeyote nchini ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Akiwa mtoto huku magharibi mwa Kenya, mwili wake haukustahimili maziwa ya ng'ombe, mayai na baadhi ya samaki, kwa hiyo alikuzwa kwa mboga za bibi zake. Alipoingia chuoni kusomea kilimo akakuta mboga alizokulia zinahesabiwa kuwa magugu. Amezitafiti maisha yake yote: mbegu, kilimo, lishe na upishi. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Leo managu na saga zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zimefungwa kwa plastiki, na watu wa huko wanazinunua kwa bei ambayo mama wa Mosocho hawezi kuiamini. Sisi tunaozilima ndio tunaoona aibu kumwekea mgeni mezani.

Juzi nilikuwa soko la Daraja Mbili. Mama mmoja ninayenunua kwake alikuwa ameketi juu ya gunia, fungu la chinsaga mapajani, anachambua huku anaongea na wateja.

“Mwalimu, siku hizi siuzi fungu zima sana,” akaniambia. “Wasichana wa ofisini wanataka iliyochambuliwa tayari. Nikiwachambulia, wanarudi.”

“Na wanajua kuipika?”

“Wengine wanaipiga picha tu wamtumie mama nyumbani, waulize maziwa yanaingia saa ngapi.”

Yule mama ameelewa biashara yake kuliko mipango mingi ya lishe niliyoisoma. Hajamwambia mteja hata siku moja kwamba mboga ina madini ya chuma. Amemwondolea kazi ya kuchambua, akampa na maelekezo ya kuipika ikawa tamu. Kaunti zetu mbili zingewajengea wanawake kama yeye vibanda vyenye maji safi ya kuoshea, meza za kuchambulia na kivuli cha kuzuia mboga zisinyauke, ingekuwa kazi ya afya ya umma kuliko mabango ya barabarani.

Sasa yale ambayo mwalimu hawezi kuyaacha, kwa sababu utamu na ujuzi ni ndugu. Kwanza, chai. Sisi ni watu wa chai. Nyamira imejaa majani yake na hakuna nyumba inayolala bila birika. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe. Ikae angalau saa moja mbali na mlo. Wajawazito na wasichana wanaohitaji damu wangefaidika na badiliko hilo moja, na halina gharama. Pili, kuchemsha sana kunapoteza vitamini C, na chinsaga haina budi kuchemshwa sana. Dawa ya hilo iko kwenye mti: pera moja baada ya mlo, au kachumbari ya nyanya mbichi na ndimu kando ya sahani. Vitamini hiyo ndiyo inayosaidia pia madini ya chuma kuingia mwilini. Tatu, rangi ya njano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Maziwa ya bibi yalifanya kazi hiyo. Asiyetumia maziwa atie njugu zilizosagwa au ale na parachichi, na Kisii haijawahi kukosa parachichi.

Wimbi nao una lake. Gramu 100 za wimbi zina takribani miligramu 340 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo, hasa haya yanayokobolewa hadi unga ukawa mweupe kama chaki, pumba na kiini vikapewa kuku. Ukienda kinuni, saga wimbi na mtama, changanya na muhogo kidogo kama mkono wako haujazoea kusonga ugali mgumu. Kwa asiyekula kabisa chakula kinachotokana na wanyama, vitamini B12 haipatikani shambani. Atafute vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Na mwenye ugonjwa wa figo asifuate ushauri wangu wa ndizi na viazi kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu potasiamu inayomfaa mwenye presha inaweza kumdhuru yeye.

Nyama sijaikataza. Nimeolewa katika nyumba inayofuga, na kuku wa kienyeji wa Krismasi ninampika mwenyewe. Ninachokipinga ni sahani ambayo nyama ndiyo bwana na mboga ni pambo la ukingoni. Igeuzwe. Mboga, maharagwe na ndizi zijaze sahani, nyama iwe kionjo.

Wapo watakaosema vijana hawatakubali, kwamba ulimi ukishazoea chipsi na soseji haurudi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwenye mlo wa kizungu kwa wiki mbili, na baadhi ya waliozoea mlo wa kizungu wakahamishiwa kwenye chakula cha asili. Kwa wiki mbili tu damu ya kundi la kwanza ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka na kinga kupungua makali, na ya kundi la pili ikaonyesha kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili ni muda mfupi kuliko likizo ya shule. Mwili wa kijana wa Kiafrika uko tayari kuitika haraka kuliko tunavyodhani, kwa mema na kwa mabaya.

Na ulimi pia huitika. Nimeona wajukuu wa mjini, waliokuja likizo wakisukuma sahani ya rinagu pembeni kwa kidole, wakimaliza wiki ya pili wakigombania ukoko wa chungu. Hawakuhubiriwa. Walitumwa kuchuma, wakachambua barazani huku wakicheka, wakaachwa wamwage maziwa wenyewe, na chakula kilipoiva kilikuwa chao. Hakuna mtoto anayekataa alichopika akasifiwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoamua nini kiwekwe mbele ya watu. Wenye hoteli za mji wa Kisii: wekeni chinsaga ya maziwa kwenye ukurasa wa mbele wa menyu, si kwenye mstari wa mwisho unaosema “mboga”. Bodi za shule: siku mbili kwa wiki kabichi ipumzike, na mboga inunuliwe kwa wazazi wanaoilima badala ya kutafutwa mbali. Kaunti mnapowaandalia mawaziri na wafadhili chakula, wapeni ugali wa wimbi kwenye ekee, mama aliyeupika aje asimame asifiwe. Na kamati za mazishi, hasa ninyi, mnayo nafasi ya kumpunguzia mfiwa deni kwa kutangaza mapema kwamba chakula cha siku hiyo kitatoka shambani kwa majirani. Mtu wa kwanza atakayefanya hivyo katika kijiji chake atasemwa. Wa tatu hatasemwa.

Nyanchwa tunaweza kuanza mwaka huu. Makambi, mikutano yetu ya ibada ya kila mwaka, ni Agosti, na jiko la makambi hulisha watu wengi kwa siku nyingi kuliko harusi yoyote. Chinsaga huchukua kama wiki tano kutoka kupandwa hadi kuchumwa mara ya kwanza, na mbegu zake hutawanywa juu juu tu, zikifunikwa kwa udongo mwembamba. Kamati ya jiko ikikaa mwishoni mwa Juni na kuwaambia kina mama wa kila kanisa wapande kiasi gani, Agosti mboga itakuwa imewiva shambani na pesa za kabichi zitabaki kwao. Maziwa tuna majirani wenye ng'ombe. Vyungu vikubwa vipo stoo. Mbegu ninazo, nimezikausha kwenye gazeti juu ya kabati, na nitazigawa kwa kijiko kwa kila atakayebisha hodi.